Ukishalipa Baraza, Chama cha Nini?

Songea, Ruvuma

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako ulinikuta dukani watu wamejaa, nikaona nisiujibu harakaharaka kwenye simu. Ndiyo maana unaletewa barua, jambo ambalo ninyi vijana mnaliona la zama za kale. Vumilia. Sisi huku wazima. Bibi yako presha yake imetulia tangu aache tabia ya kugawana vidonge na jirani, na mvua zimeanza vizuri.

Umeniuliza: ada ya Baraza nalipa, leseni nalipa, pointi za mafunzo nazitafuta kwa fedha yangu, sasa Chama cha Wafamasia nacho kinadai ada kwa kazi gani? Halafu ukaongeza, kwa ulimi uleule wa mama yako, kwamba ulichowahi kukiona cha chama ni fulana za tarehe 25 Septemba na picha za viongozi wamejipanga mbele ya bango. Fulana sitazitetea. Tarehe yenyewe ina historia yake, ndiyo siku Shirikisho la Kimataifa la Wafamasia, FIP, lilipoanzishwa kule The Hague mwaka 1912, lakini kuwapima watu presha stendi mara moja kwa mwaka hakutoshi kuitwa kazi ya chama. Swali lako ni la haki, na anayefaa kulijibu ni mtu anayelipa ada hiyo huku ananung'unika, yaani mimi.

Kwanza tutenganishe vyombo, maana hata wazee wa kazi huvichanganya. Baraza la Famasi si letu. Majina yetu yamo kwenye rejista yake, lakini limewekwa na sheria, hii ya sasa ni ya mwaka 2011, na kazi yake ni kumlinda mama anayeingia duka la dawa pale Mfaranyaki asidhuriwe na mimi wala wewe. Linasajili, linatoa leseni, linakagua, na ikibidi linakufuta. TMDA inahangaika na dawa zenyewe: zimesajiliwa au hazikusajiliwa, zimetoka kiwanda gani, zina ubora au ni chaki tupu. Zamani tukiiita TFDA, mpaka mwaka 2019 mambo ya chakula na vipodozi yalipopelekwa TBS. Ukinyimwa stahiki zako kwenye ajira ya serikali utakwenda TUGHE, chama cha wafanyakazi. Wote hao wana kazi zao. Ila hakuna hata mmoja aliyepewa kazi ya kukaa na kujiuliza mfamasia wa Tanzania awe mtu wa namna gani, akatae nini, na akishakataa ale nini.

Juzi jioni aliingia kijana wa bodaboda, helmeti mkononi, akaegemea kaunta akasema, "Mzee, nipe rangi mbili sita." Hakuwa na cheti cha daktari. Nikamuuliza anaumwa nini. Mafua, na kikohozi kidogo. Tangu lini? Tangu jana. Nikamwambia amoksilini haitibu mafua, anywe maji mengi, apumzike, na akiona homa haishuki au kifua kinabana aende kituo cha afya. Nikamwambia pia kwamba hata kwa ugonjwa unaohitaji dawa hiyo, vidonge sita si dozi. Alinisikiliza kwa adabu kabisa. Akasema asante. Akavuka barabara. Ng'ambo kuna duka ambalo cheti cha mfamasia kimetundikwa ukutani kwenye fremu nzuri ya rangi ya dhahabu, mwenye cheti anaishi mkoa mwingine. Binti wa kaunta hakumuuliza hata jina. Kabla sijamaliza kumhudumia mteja aliyefuata, kijana alikuwa ameshawasha pikipiki, rangi mbili sita ziko mfukoni.

Hebu piga hesabu. Mimi nimepoteza mteja. Kijana atapona mafua yake, maana mafua hupona yenyewe, na atawasimulia wenzake kijiweni kwamba zile sita zilimsaidia. Duka la ng'ambo limepata faida. Kukataa kwangu peke yangu hakukubadilisha kitu ila mfuko ambao fedha iliingia. Lakini tukikataa mtaa mzima, wilaya nzima, mkoa mzima, kijana yule hana pa kuvukia. Mimi ninavyokiona, chama ndiyo njia yetu ya kukataa kwa pamoja, na mengine yote, fulana, mikutano, picha, ni mapambo.

Utaniambia hiyo ni kazi ya wakaguzi. Wakaguzi huja, huandika, hufunga, huondoka. Nao hutanguliwa na simu: duka la kwanza likikaguliwa, la mwisho limeshapata habari, na ukiuliza mfamasia yuko wapi utaambiwa ametoka kidogo kwenda kula. Simlaumu mkaguzi. Ila yeye hayupo siku ile tajiri anapokupigia wewe.

Na simu hiyo utapigiwa, tena mapema. Ajira za serikali zinasuasua, umekaa nyumbani na digrii yako, mwenye duka anakwambia: "Mfamasia, hata usihangaike kuja. Mimi nataka cheti tu, kila mwisho wa mwezi nakutumia kwenye simu." Sheria inamtaka awe na mfamasia msimamizi, naye anaitafuta karatasi yake kwa bei ya chini. Ni fedha isiyokutoa jasho, na uliomaliza nao chuo baadhi yao wameshakubali. Saa hiyo mgonjwa humwoni. Unaona kodi ya chumba. Lakini tazama kinachofuata. Bei ya cheti kisicho na mtu ikishajulikana mjini, ndiyo inayogeuka kuwa bei yako wewe unayetaka kufika kazini kila siku na koti lako jeupe. Tajiri atakuuliza akulipe mshahara kamili kwa lipi, ilhali mwenzako anakodisha kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo. Tunalalamika kwamba wenye maduka hawatuthamini, na kumbe sisi wenyewe ndio tuliowatajia bei. Faini ya Baraza humpata mmoja mmoja, tena akikamatwa. Jambo hili linataka kusemwa na wenye kazi kwa wenye kazi, kikaoni, kwa majina, hata kama wa kutajwa ni kiongozi wa mkoa. Chama kisichothubutu kulisema, kweli, ada yako ikae mfukoni mwako.

Hata hivyo kukataa peke yake hakulishi watoto. Ushauri niliompa yule kijana haukuniingizia hata shilingi. Daktari hulipwa kumwona mgonjwa hata asipomwandikia dawa. Mimi nalipwa kwa boksi linalotoka, kisha naambiwa na kila semina kwamba maboksi mengine yasitoke. Mpango wa namna hii unamwadhibu mwaminifu. Nani ataupeleka mezani kwa wizara, kwa NHIF, kwa makampuni ya bima? Mimi na duka langu hapa Songea? Baraza litasema, kwa haki kabisa, kwamba kipato chako si kazi yake. Kule England, tangu Januari 2024, famasi hulipwa na serikali kwa kumwona na kumshauri mtu mwenye moja ya maradhi saba yaliyotajwa, koo na sikio na maambukizi ya njia ya mkojo yakiwamo, na malipo ni ya mashauriano yenyewe. Mambo ya namna hiyo hayashuki kutoka mbinguni. Watu hukaa miaka wakijadiliana, wakiwa na takwimu mkononi, na nyuma yao wana wenzao wengi waliolipa ada.

Nao Waingereza walianza kwa ubinafsi, usidhani walikuwa malaika. Mwaka 1841 wauza dawa wa London walikutana kwa sababu bungeni kulikuwa na muswada uliotishia kuwabana, wakaunda chama ili wajilinde. Mpaka hapo hakuna cha kusifia. Kilichonivutia niliposoma habari zao ni kwamba mwaka uliofuata tu walifungua shule ya famasi, wakaanza kuwatahini watu wao wenyewe, mzigo ambao hakuna aliyewatwisha. Baadaye sheria iliwapa rejista, wakawa watetezi wa wafamasia na mahakimu wao kwa wakati mmoja, mpaka mwaka 2010 kazi ya kusajili na kuadhibu ilipohamishiwa chombo kingine. Sisi tumevitenganisha, kama walivyofanya Kenya, ambako bodi ni ya serikali na chama chao, kilichoanza mwaka 1964, kinasimama pembeni. Ni bora hivyo. Anayekushitaki asiwe ndiye anayekutetea.

Kama unaona mjomba amezeeka na sasa anahubiri dozi, kumbuka nimeona nini. Niliposoma Muhimbili, klorokwini ndiyo ilikuwa dawa ya malaria, chungu, inawasha mwili mzima, na kila nyumba ilikuwa nayo kabatini. Mwaka 2001 ikaondolewa, ikaja SP. SP haikumaliza muongo: mwishoni mwa 2006 tukaanza kutoa mseto. Dawa mbili zimenifia mkononi ndani ya utumishi wa mtu mmoja. Usugu wa klorokwini ulianzia mbali, Asia ya Kusini Mashariki, kwa hiyo sisemi kwamba tuliuzaa hapa. Ila tuliupokea, na vidonge viwili viwili vya kuuziana kwa jirani havikuuzuia. Sasa huko Kagera watafiti wamekuta vimelea vinavyochelewa kufa hata kwa mseto. Kwa upande wa bakteria, makadirio ya dunia kwa mwaka 2019 ni vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa dawa. Serikali ina mpango wa taifa wa kupambana na usugu huo, wa kwanza ulikuwa wa 2017 hadi 2022, umeandikwa vizuri. Utekelezaji wake, ukifuatilia mpaka mwisho, unaishia kwenye kaunta kama yangu, saa moja jioni, mbele ya kijana mwenye helmeti.

Sasa tahadhari, kwa sababu kukataa kwa pamoja kunaweza pia kuwa choyo. Mwaka 2003 mkoa wetu huu ndio ulioanza Maduka ya Dawa Muhimu, wewe ukiwa mdogo. Kabla ya hapo vijijini kulikuwa na maduka ya dawa baridi. Kibali chao kilikuwa cha dawa za maumivu, za kikohozi na vitu vya namna hiyo, lakini ukiinama na kuuliza kwa sauti ya chini ungepata mpaka sindano. Kila mtu alijua. Mfamasia mwenye duka la dawa moto alikuwa mjini, wengi wao Dar es Salaam, na mgonjwa wa Tunduru ndani huko hakuwa na habari naye. TFDA, ikisaidiwa na shirika la MSH la Marekani, ikaleta mpango: duka likarabatiwe, muuzaji apewe mafunzo, kisha aruhusiwe kwa sheria kuuza orodha fupi ya dawa za cheti, antibayotiki chache zikiwamo, chini ya ukaguzi.

Wapo wenzangu waliopinga kwa sauti kubwa. Walisema taaluma inauzwa kwa bei ya kutupa, kwamba mtu aliyesoma wiki chache anapewa kazi ya aliyesoma miaka minne. Baadhi yao ni rafiki zangu mpaka leo, nasi tumebishana mpaka chai ikapoa. Niliwauliza swali moja: ni nani kati yenu atakayehamia Tunduru kesho? Hakupatikana. Walichokuwa wanakilinda ni kaunta zao za mjini. Mpango ukaenda mikoa mingine, hatimaye Tanzania Bara nzima. Kasoro zake nazijua, nimeingia maduka hayo nikakuta rafu zina dawa ambazo haziko kwenye orodha hata kidogo. Lakini mzazi wa Namtumbo ambaye mtoto wake anapumua kwa shida usiku leo ana mlango wa kwanza wa kubisha, na nyuma ya mlango huo kuna mtu aliyefundishwa dalili za hatari.

Kwa hiyo chama kikitoa tamko la kukataa jambo, usishangilie kabla hujauliza gharama inamwangukia nani. Ikituangukia sisi, simama nacho. Ikimwangukia mgonjwa wa kijijini, au mteknolojia dawa ambaye anaendesha stoo ya kituo cha afya peke yake huku sisi tukimbania nafasi ya kujiendeleza, nyoosha mkono upinge, uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Ada inakupa haki hiyo. Wengi wetu tunapenda kulalamikia chama kwenye magrupu ya WhatsApp, ambako hakuna kumbukumbu.

Kuna faida nyingine, ndogo, ambayo utaielewa ukipangiwa wilaya ya mbali. Nilikuwa mfamasia pekee kwenye hospitali ya wilaya moja, kijana kama wewe. Ikaja shehena ya dawa ya maji ya watoto, ile ya unga unaochanganywa. Nikaweka maji, nikatikisa, unga ukaganda chini ya chupa kama saruji. Nikafungua nyingine, vilevile. Sina wa kumuuliza. Daktari yupo lakini hilo si lake. Nikamkumbuka mwenzangu niliyekaa naye meza moja kwenye mkutano wa chama, mfupi, mcheshi, anafanya kazi mkoa mwingine. Nikampigia. Akaenda stoo yake na simu sikioni, namsikia anapanga maboksi, anasoma namba ya toleo kwa sauti. Ileile. Akachanganya moja, ikaganda. Akampigia wa tatu. Tukazitenga dawa zote, tukapeleka taarifa kwa mamlaka, kila mmoja na yake. Taarifa ya mtu mmoja inaweza kuelezwa kwamba stoo yake ina joto. Zikitoka mikoa mitatu, maelezo hayo hayatoshi tena. Kwenye makaratasi hakuna mahali paliposema kwamba chama kimefanya jambo siku ile, lakini bila ule mkutano nisingekuwa na namba ya kupiga.

Lawama zangu nazo unazijua, usifikiri nimezifunika. Mikutano ya taaluma yetu, hapa kwetu na kwingineko duniani, inategemea sana udhamini wa makampuni ya dawa. Unaingia ukumbini, kalamu ina jina la kampuni, mkoba una jina la kampuni, na mtoa mada wa saa nne anaeleza ubora wa dawa ambayo bango lake liko nyuma yake. Halafu mchana tunakaa kujadili matumizi sahihi ya dawa, shibe ikiwa ya kampuni hiyohiyo. Sisemi watu wananunuliwa kwa pilau. Ila chama kinachoishi kwa udhamini kitakuwa mwoga siku dawa ya mdhamini itakapokuwa na walakini. Ada yako ni fedha pekee inayoingia pale bila bango. Ndiyo sababu nailipa, na ndiyo sababu kila mwaka naomba kuonyeshwa mapato na matumizi, nikaitwa mkorofi, nikazoea.

Sasa la kufanya. Usilipe kwa sababu mjomba amesema. Itafute katiba ya chama uisome yote, hasa sehemu ya uchaguzi na ya fedha, kisha nenda kwenye mkutano mmoja wa mkoa ulipo kabla hujaamua. Chuoni ulikuwa TAPSA, chama cha wanafunzi wa famasi, kwa hiyo kusimama mbele ya watu na kipaza sauti hakukutishi. Waulize viongozi wana mpango gani na vyeti vya kukodisha, na usikubali kukalishwa na jibu la "tunalishughulikia." Tazama ni nani atakayeinamisha macho. Kama hakuna hata mmoja mle ndani aliye tayari kulizungumza, niandikie, tutaona pamoja la kufanya, pengine ni kugombea. Na kama yule tajiri wa simu atakutangulia kabla ya mkutano, mwambie utafika kazini kila siku kwa mshahara wa mfamasia, na akikata simu usimpigie.

Mama yako msalimu sana. Mwambie ile dawa ya mgongo aliyoletewa kutoka Msumbiji asiimeze mpaka anitumie picha ya boksi, pande zote, namba ya toleo ionekane.

Mjomba wako